Ripoti ya Nyumba Kumi na Saba

Harufu ya mafuta ya cherehani iliyochanganyika na ya khaki iliyopigwa pasi ya mkaa hunisimamisha hadi leo. Nikiipata mahali popote Kampala, hata katikati ya vurugu za bodaboda, narudi mara moja kwenye kibaraza cha ghala, ndani ya kambi ya polisi nilikokulia. Kambi yenyewe sitaitaja jina, maana wengi wa watu wake wangali hai, na wengine sasa ni mababu wenye heshima zao. Nina miaka kumi. Mvua za masika zimeanza, ule udongo mwekundu wa vilima vyetu umelainika na unanata kwenye kandambili, na kutoka kibarazani unasikika mlio wa cherehani ya Mama Dama, ta-ta-ta-ta, kisha kimya, kisha ta-ta-ta-ta tena. Watoto wengine walikimbilia mpira. Mimi nilikimbilia mlio ule, na kama kuna shule iliyonifanya mshairi, basi ni ile, ambayo haikuwa na kengele wala ubao.

Mama Dama alikuwa Mkenya kutoka upande wa Mombasa, Mkristo wa kuimba kwaya, aliyemfuata mumewe Kampala. Mume alikuwa fundi wa mabati kule Katwe, akigonga masanduku na masufuria tangu asubuhi hadi jioni. Mke alipewa ruhusa ya kuweka cherehani yake kambini kwa kuwa askari wana mengi ya kushonesha: tepe za vyeo, vifungo, suruali zilizobana baada ya likizo. Mimi nilikuwa mpeleka nguo wake. Nilizibeba kichwani zikiwa zimekunjwa, na nikirudi nilikaa kwenye mkeka karibu na miguu yake nikimsikiliza, kwa sababu Mama Dama alishona na kutunga kwa wakati mmoja. Bibi yake, kwa masimulizi yake mwenyewe, alikuwa malenga wa harusini na msibani, mwanamke asiyejua kuandika hata jina lake, lakini akisimama kusema watu wazima hutulia tuli. Mjukuu aliurithi mdomo huo. Alinifundisha kuhesabu mizani kwa kanyagio: mguu mara nane, kituo, mguu mara nane, kituo. Mstari uliozidi aliukata kama uzi. "Shairi si jalala, mwanangu," alikuwa akisema huku pini zimo mdomoni. "Kila neno liwe na kazi. Lisilo na kazi lirudi kwao." Tena alinitania kwamba mimi mtoto wa Kilango, kabila la kaskazini, nazungumza Kiswahili cha kwata, cha kuwaamrisha watu wageuke nyuma, na kwamba yeye atanifundisha kile cha kuwafanya wageuke wenyewe.

Lazima nieleze ukaguzi, maana bila huo habari hii haipo. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, afande mkuu wa kambi alikagua laini za nyumba. Siku mbili kabla tulipaka chokaa mawe ya njiani, tukafagia mpaka ardhi ikang'aa, tukaanika magodoro. Asubuhi ya siku yenyewe wanaume walipangwa kwenye uwanja wa gwaride, chini ya kilima, na mlangoni mwa kila nyumba alisimama mke, amevaa gomesi lake safi, lile gauni refu la heshima, watoto wamepangwa kwa kimo. Afande alipofika, mke alitoa ripoti kwa sauti: namba ya nyumba, idadi ya watu, na hali yao. Maneno yalikuwa yale yale tangu kambi ijengwe. "Nyumba kumi na saba, watu watano, wote wazima, afande." Nyuma ya afande alitembea karani mwembamba mwenye kitabu cha jalada jeusi, kurasa zake zimepigwa namba, akiandika alichosikia. Sheria ya kitabu ilikuwa moja tu: mke akisema, yanaandikwa alivyosema, na halifutwi neno, kwa sababu mwisho wa mwezi kitabu kilipelekwa makao makuu kusomwa. Katika miaka yangu yote pale sikuwahi kusikia mke akisema jambo lingine. Namba nane waliripoti wote wazima siku ambayo mtoto wao alikuwa na surua mwili mzima, amefunikwa blanketi nyuma ya pazia. Sisi watoto tuliigeuza mchezo, tukiwapanga wanasesere wa matambara na kuwapigia saluti. Wote wazima, afande! Lilikuwa neno la kumalizia, kama amina.

Nyumba kumi na saba ilikuwa yetu. Baba yangu alikuwa sajini, mtu mcheshi njiani, mwenye sauti nzuri kanisani, na alimpiga mama yangu. Naiandika hivyo bila kuipamba kwa sababu kwa miaka mingi niliipamba. Nyumba zetu zilikuwa za mabati, zimeungana ubavu kwa ubavu, kiasi kwamba jirani akikaanga vitunguu ni ninyi mnaotokwa na machozi. Basi kila kofi lilisikika mpaka namba ishirini. Kesho yake wanawake walikutana bombani wakazungumza juu ya bei ya mkaa. Mama naye alijaza jerikeni yake, akaibeba, akaenda zake, kichwa wima. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini kwetu hata kilio tulikizoea, kikawa kama mvua juu ya bati.

Mtu atauliza, mbona hakushtaki? Alishtaki. Alikwenda ofisini mdomo umepasuka, na askari wa zamu, ambaye Krismasi alikula kwetu, akamwambia hayo ni mambo ya nyumbani, arudi akayamalize nyumbani. Halafu kulikuwa na jambo jingine baya zaidi. Nyumba ilikuwa ya kazi, imeandikwa jina la askari. Mke wa namba tisa aliposhikilia mashtaka yake, mumewe alisema tu kwamba ndoa imekwisha, na mama yule akafungiwa virago siku ile ile, yeye na watoto wake, wakapanda basi la kaskazini huku muhula wa shule uko katikati. Wanawake wa laini walilishika somo hilo. Mwenye nguvu mpishe, walisema, wakapisha. Kwa hiyo mama akisema, yeye angepoteza paa na mimi ningepoteza shule. Nililijua hilo vizuri, na kila nilipopiga magoti nilimwomba Mungu, si kwamba baba aache, bali kwamba mama avumilie. Naona haya kuandika hivi, lakini ndivyo nilivyoomba.

Jumatano moja ya mwezi wa nne, Mama Dama alinipa shati la baba lenye tepe mpya nilipeleke nyumbani kabla ya zamu yake ya mchana. Sikulipeleka. Mama Dama alikuwa katikati ya utungo juu ya mume wa Katwe anayegonga sufuria za watu na kwake hakuna hata kikombe, nami nilikuwa nacheka na kuhesabu, nikasahau kabisa kwamba duniani kuna mashati. Niliporudi, baba alikuwa amesimama katikati ya nyumba amevaa fulana tu. Kabla sijafungua mdomo mama alisema, "Ni mimi nilisahau kumutuma." Alipigwa mbele yangu, nikiwa nimelishika lile shati. Jioni jicho lake la kushoto lilikuwa limefumba kabisa.

Kesho yake mama alifanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Alifuatana nami hadi kwa Mama Dama, mchana kweupe, bila kujitanda kitambaa usoni. Alikaa kwenye mkeka wangu. Mama Dama alimtazama, akaacha kukanyaga. Mama akamwambia kwamba Jumamosi ni ukaguzi, naye hataki tena kusema wote wazima. Alitaka maneno ambayo karani akiyaandika hayatageuzwa, maneno yaliyoshikana, yasiyoweza kutolewa moja likaacha mengine. Mama Dama alifurahi, akatunga papo hapo beti mbili za kupendeza, zenye simba, mwiba na jua la asubuhi. Mimi nilipiga makofi. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Hiyo ni mzuri sana, Mama Dama. Lakini hiyo ni mdomo yako. Afande atajua mimi nimeazima."

Mama Dama alitazama chini kidogo. Halafu akavuta kiti, akaweka mguu kwenye kanyagio bila kitambaa chochote chini ya sindano, akamwita kwa jina langu, "Haya, Mama Atim. Tunga mwenyewe. Mimi nitakanyaga tu."

Mama yangu hakuwa mtu wa maneno. Kiswahili alikiokota kambini, bombani na kwenye foleni ya posho, akakichukua kilivyokuwa. Siku ile na iliyofuata alitunga huku akichambua mbegu za simsim, huku akifua, huku akinisuka nywele, na mimi nikawa mhesabu wake. "Hiyo ni sita tu, mama, ongeza mbili." "Hiyo imezidi." Alinichapa kidogo kwa kitana nilipojifanya mwalimu. Nilipomwendea Mama Dama nikimwambia kuna maneno hayajakaa kama ya kitabuni, tuyarekebishe, alinikata palepale. "Yaache. Nguo ya mtu hukatwa kwa kimo chake." Ijumaa jioni mistari minne ilikuwa imetimia, na hapo ndipo woga uliponishika. Nilimwona mama kwenye basi la kaskazini, na mimi pembeni yake na begi la shule lisilo na kazi tena. Nikamwambia, "Mama, tafadhali, sema tu wote wazima."

Hakukasirika. Aliniuliza shati alichelewesha nani. Nikasema mimi. Na aliyepigwa ni nani? Nikaanza kulia. "Siku moja wewe pia utakuwa na bwana yako," akasema, "na shati itachelewa. Mimi nataka ujue kitu ya kusema."

Jumamosi ilikuja na jua kali baada ya mvua, chokaa ya mawe inaumiza macho. Afande alianza namba moja. Wote wazima, afande. Namba mbili, wote wazima. Sauti zilitukaribia nyumba kwa nyumba, nami nilisimama kati ya wadogo zangu nikitamani laini ile isiishe. Alipofika kwetu aliona jicho, akatazama pembeni haraka, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu kwa bahati mbaya. Karani akaweka kalamu tayari. Mama alisimama mguu sawa kama askari, akasema polepole, akihesabu kwa kidole gumba ubavuni mwa gomesi:

"Ni nyumba kumi na saba,
Watoto tatu si haba,
Bwana yangu ameshiba,
Mimi jicho imeziba."

Hakuna aliyecheka. Karani alibaki na kalamu hewani. Afande akasema, "Rudia ripoti vizuri, mama." Mama akarudia, yale yale, mizani nane kwa nane, bila neno kuzidi. Afande akasema tena kwamba aseme ripoti ya kawaida. Mama akajibu, "Hiyo ndiyo ripoti, afande. Aandike." Na karani yule, mtu mwoga aliyekuwa akiogopa hata mbuzi wa kambi, aliinamisha kichwa akaandika. Nilisikia kalamu ikikwaruza karatasi. Mpaka leo sijasikia maandishi yenye sauti kubwa kama yale.

Afande aliharakisha kwenda namba kumi na nane, labda akidhani huko atapumua. Pale alisimama Mama Hadija, Mwislamu wa West Nile, mwanamke mnene mcheshi ambaye mumewe hakuwahi kumgusa hata kwa unyasi. Ukuta wetu na wake ulikuwa mmoja. Hakuna aliyekuwa amemwambia lolote, lakini mama alikuwa ametunga siku mbili nyuma ya bati lile, na bati halifichi kitu. Mama Hadija akavuta pumzi:

"Nyumba ya kumi na nane,
Sisi wazima wanane,
Kilio tusifichane."

Akakwama. Mstari wa nne ulimkimbia, akabaki amefungua mdomo, kisha akapiga saluti ya nguvu kana kwamba saluti ndiyo mstari wa nne. Namba kumi na tisa hakuwa na shairi hata kidogo. Alisema tu, "Sisi wanne wazima, afande, lakini kumi na saba si wazima, na mimi nimesikia." Ishirini akasema vivyo hivyo. Wakaenda hivyo mpaka namba ishirini na nne, mwisho wa laini, kila mmoja na maneno yake, na mmoja wao, ambaye nilimdhania mwenye furaha kuliko wote, alifunua mkono wa gomesi akaonyesha alama zake mwenyewe. Karani anaandika tu, jasho linamtoka. Halafu mke wa namba nne, aliyekuwa ameshapita na amina yake, akaja mbio amekunja gomesi mkononi, akipiga kelele kwamba yake pia iandikwe upya. Karani akamwambia kitabu hakifutwi. "Basi ongeza chini!" akasema. Akaongeza chini.

Saa sita kambi nzima ilikuwa na habari. Wanawake wa laini hawakungoja kuona baba atarudi vipi. Walihamisha majiko yao, wakayapanga mbele ya mlango wetu, wakakaa wakimenya matoke na kupepeta karanga kana kwamba kuna harusi. Mama Dama alikuja na cherehani yake, imebebwa na wasichana wawili, akaiweka kizingitini. Baba alipopanda kilima aliwakuta hivyo. Alisimama, akatafuta pa kupita, hapakuwapo. Hakuna aliyemtukana. Mama Hadija alimkaribisha chakula. Aligeuka akarudi alikotoka, na saa kumi koplo alileta amri: sajini ahamie bweni la makapera, familia ibaki nyumba kumi na saba mpaka itakapoamuliwa vingine. Sijidanganyi kwamba afande aliguswa na ushairi. Aliguswa na kitabu. Mwisho wa mwezi kingesomwa makao makuu na yeye angeulizwa amefanya nini. Lakini ni ushairi ulioingia kitabuni, na uliingia kwa mdomo wa mama yangu. Hakuna basi la kaskazini lililotungoja. Jumatatu nilikwenda shule, na nilitembea njia nzima nikiwa nimenyoosha shingo kama twiga.

Baba alikaa bwenini miezi mitatu. Alikuja Jumapili, akakaa nje kwenye kigoda, akanywa chai, akaondoka. Baadaye mama alimruhusu arudi. Mimi nisingemruhusu, na nimeshamwambia mama hivyo mara nyingi, naye hunijibu kwamba nitakapokuwa na sajini wangu nitafanya nitakavyo. Hakugeuka malaika, alinuna karibu mwaka mzima. Lakini hakuinua mkono tena hadi alipostaafu, na kila Jumamosi ya ukaguzi, kule uwanjani, niliambiwa alikuwa akitazama juu kilimani kwetu zaidi ya alivyomtazama kiongozi wa gwaride.

Leo mimi ni mshairi, nina vitabu viwili, na kwenye mikutano watu huniuliza ni washairi gani walioniathiri, na ni wapi nilipojifunzia utetezi wa wanawake. Wanatarajia majina ya rafuni. Nawataja fundi cherehani mmoja na mke wa sajini mmoja, na wakicheka nawangoja wamalize. Mengi yamebadilika tangu wakati ule. Sheria ipo, na vituoni kuna meza ya mashauri ya familia, ingawa nimewahi kukaa mbele ya meza kama hiyo na mwanamke kutoka Bwaise na kusikia, kwa masikio haya, kwamba hayo ni mambo ya nyumbani. Kuta nazo zimebadilika. Mimi naishi kwenye jengo la ghorofa upande wa Naguru, kuta za zege, kila mtu na mlango wake wa chuma, na tunasalimiana ngazini kwa kutikisa vichwa. Fahari yangu ni kwamba naandika bila woga. Kwa muda mrefu niliamini hiyo inatosha.

Mwaka huu mama alikuja kutoka Lira, kwetu kaskazini, kunitembelea, nikampeleka kunisikiliza nikisoma. Nilisoma shairi langu jipya, juu ya mwanamke anayelia nyuma ya ukuta. Ukumbi ulisimama kunishangilia, na mama naye akapiga makofi. Asubuhi yake, tukinywa chai, aliniuliza, "Huyo mama ya shairi anakaa wapi?"

"Juu yetu, mama. Ghorofa ya tatu."

"Jina yake nani?"

Nilikuwa na beti tisa juu yake. Jina sikulijua. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na mimi niliitingisha yangu mbele ya ukumbi mzima huku nyoka yuko ngazi kumi na sita kutoka kitandani pangu. Mama hakunikaripia. Aliweka kikombe chini, akajifunga kitambaa, akaanza kupanda ngazi, mkono mmoja kwenye chuma cha ngazi, magoti yakimsumbua, nami nyuma yake nikiwa nimejaa aibu na fahari kwa pamoja, ila fahari ilizidi. Aligonga mara tatu. Mlango ulifunguka upana wa mnyororo, na jicho moja likatutazama.

"Mimi ni mama ya yule wa chini," mama akasema. "Yeye anaandika wewe na hajui jina yako. Amekuja kuuliza."

Kisha akanishika mkono, akanivuta mbele yake. Nikauliza.